Mdomo Usiotoa Mvuke

Atupakisye alisemwa akiwa msibani. Waliomsema walikuwa watu wa kazini kwake, na aliyeanza kumtaja ni Nsajigwa, mtoto wa dada yake mwenyewe. Ubaya ni huo. Mengine yote yaliota juu yake.

Ilikuwa miaka ile viwanda vya umma vilipouzwa, na kila mwenye kompyuta alionekana kama mganga. Kampuni moja kutoka Dar es Salaam ilipanga nyumba mtaa wa Bagamoyo, hapo Tukuyu mjini, ili itengeneze programu ya kupokelea majani mabichi ya chai kutoka kwa wakulima. Kiongozi alikuwa Nsajigwa. Chini yake walikuwepo vijana wawili waandishi wa programu, Fred na Tulia. Wa nne akawa Atupakisye, mama wa makamo asiyesoma, ambaye tangu ujana wake alikuwa akipokea majani kwenye banda la mizani la Kisondela.

"Mama mdogo," Nsajigwa alimwambia siku aliyomfuata nyumbani, "siku hizi hatujifungii mwaka mzima ndipo tuwaonyeshe wenye kazi. Tunatengeneza kipande, unakiona, unasema hapa pabaya, tunabomoa, tunajenga tena. Wewe ndiye mdomo wa banda la mizani. Bila wewe hatusogei."

Maneno hayo yalimwingia. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba pasipo yeye watu hawasogei.

Kazi ile ilikuwa na desturi zake. Kila asubuhi walisimama duara barazani, maana aliyeketi huongea sana, na kila mmoja akasema: jana nilifanya hili, leo nitafanya hili, kinachonizuia ni hiki. Ukutani zilibandikwa kadi, kila mtu na rangi yake, nazo zilihamishwa kutoka kushoto kwenda kulia kadiri kazi ilivyokwenda. Ya Atupakisye ilikuwa ya njano. Karibu na dirisha Nsajigwa alibandika utepe mwekundu, na chini yake ndipo palipokaa vizuizi.

"Kizuizi kikishatajwa," alisema, "kukiondoa ni kazi yangu."

Mwanzoni walicheka. "Hapa hata chooni utaenda kwa kadi," Fred alisema. "Yako ingekaa kushoto mwezi mzima," Tulia akamjibu, na Atupakisye akacheka hadi akashika mbavu.

Lakini asubuhi za Tukuyu ni za ukungu. Kila aliyesema alitoa mvuke mdomoni, na mivuke ilikutana katikati ya duara ikawa wingu moja. Wingu lile Atupakisye hakulipenda. Wakubwa wa kwao walisema watu wakimnong'ona mtu kwa pamoja, pumzi zao humwendea zikiwa baridi, naye huugua. Waliiita pumzi ya watu. Hakuwaambia vijana wale, wangemcheka.

Muda wa kuonyesha kila kipande ukapunguzwa, kisha ukapunguzwa tena. Fred akaacha utani. Tulia akaja na macho yaliyovimba.

"Mama, mwenzangu wa chumbani anasema ninaongea usingizini. Jana nilifanya, leo nitafanya."

"Na kinachokuzuia?"

"Hapo nanyamaza, anasema. Nanyamaza kama mtu anayesikiliza."

Ndipo Anyosisye, wifi yake Atupakisye, akafariki huko Kisondela. Msiba wa Rungwe hauendewi kwa kuangalia saa. Atupakisye alituma neno kazini, akajifunga khanga, akaketi na wafiwa akingoja matanga yaanuliwe. Kadi ya njano haikuhama, na kadi za wenzake zikakwama nyuma yake, kwa kuwa mtindo wenyewe ndivyo ulivyo: mmoja akisimama, wote wamesimama.

Asubuhi moja alikuwa anamenya ndizi pamoja na wanawake wengine, mgongo wake ukiwa umeelekea ukuta wa jiko. Akasikia pumzi shingoni.

"Nani ananipulizia?"

"Nyuma yako ni ukuta, mama," jirani yake alisema. "Au marehemu anadai ndizi yake?"

Wanawake wakacheka kwa chini. Pumzi ya pili ikaja, kisha ya tatu, kila moja na baridi yake, kama watu wanaopokezana zamu. Atupakisye alipoinua uso aliona kila anayecheka anatoa mvuke. Akapumua kwa nguvu mbele ya kiganja chake. Hakukutoka kitu.

Aliporudi kazini mtaa wa Bagamoyo alikuta kadi ya njano chini ya utepe mwekundu.

"Nani ameiweka hapa?"

Fred alitazama viatu vyake. Tulia akaanza kulia.

"Mama mdogo, hatukumsema mtu," Nsajigwa alisema. "Tulisema kazi."

"Kadi hii ni ya nani?"

"Ni yako."

"Basi mmenisema mimi. Wote watatu?"

"Ni utaratibu tu. Kila mtu alitaja kinachomzuia. Mimi nilianza, wao wakafuata. Hakuna kinyongo."

"Nilikuwa nazika, Nsajigwa."

"Na sisi tulikuwa tunasubiri."

Kisha akafanya alichokuwa ameahidi tangu mwanzo: akakiondoa kizuizi. Atupakisye, kazi hana tena, alirudi Kisondela kwa miguu, na baridi ikaingia naye ndani. Zahanati hawakuona ugonjwa. Kila asubuhi, saa ile ile ya duara, pumzi zilimpitia shingoni, hata baada ya kazi kwisha na kampuni kufunga milango. Nyumba ile sasa ni duka la mbolea. Mwenye duka anasema kuna asubuhi ukungu hukaa barazani kwake kama pete, na jua linawaka mtaa mzima.

Dawa ya pumzi ya watu inajulikana. Aliyesema aje, arudie alichosema mbele ya yule aliyemsema, ashike maji mdomoni, ayateme chini, atamke kwamba yamekwisha. Tulia alikuja mwenyewe, amekonda, kazi ameiacha. "Nilisema kinachonizuia ni mama Atupakisye," alisema, akatema maji chini ya migomba. "Yamekwisha, mama." Fred alikuja Pasaka. "Nisije nikatema kwenye viatu," alitania, kisha akarudia neno lake, akatema. Pumzi mbili zikakoma.

Imebaki moja.

Nsajigwa huja kila Krismasi kumwona mama yake kijijini Mpuguso. Kutoka huko hutuma blanketi, nzito, za dukani, na salamu kwamba mama mdogo ajifunike vizuri. Atupakisye huzikunja na kuziweka juu ya kabati zikiwa na mifuko yake. Hajamdai blanketi. Anamdai maji ya mdomo mmoja na neno alilolisema yeye mwenyewe, lirudiwe uani kwake, mchana, watu wakisikia. Mwenye deni ni Nsajigwa, na asubuhi ya leo, ukungu ukiwa umeshuka hadi kwenye migomba, Atupakisye alisimama mlangoni akapumua, na mbele ya uso wake hapakuwa na kitu.