Ndege Ndani ya Sarafu

Juzi niliona picha ya sarafu ya fedha ya Biafra, nchi iliyojitenga ikaingia vitani, nikakumbuka alasiri moja kule Kighare. Madukani hakukuwa na hata hereni, kwa hiyo bibi alimpelekea mhunzi sarafu ya namna hiyo, aliyoipata mjomba bandarini, aiyeyushe amtengenezee dada kidani cha harusi. Mivukuto ilihema, mkaa ukanukia. Niliamini ndege aliyechorwa kwenye sarafu yu hai, nikamng'ang'ania mhunzi mkono.

“Shikamoo babu! Usimchome!”

“Marahaba. Mama, mjukuu wako kanikamata kama polisi!”

Bibi akacheka. “Basi itoboe tu, tuitie uzi.”

Nilirukaruka hadi nyumbani.

Leo najua tundu lile liliiharibia bei kwa wakusanyaji. Dada huivaa kila Jumapili, na ndege yuko mzima.