Pumzi Ndani ya Kewa

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye magofu ya kijiji cha kale kando ya Nile, Mkuu wa Machimbo alinitupia kipande cheusi chenye chembe za kijani.

"Nini hiki?"

"Jiwe, mzee."

"Jiwe gani! Haya ni mavi ya shaba, takataka inayobaki madini yakiyeyushwa. Ukiyakuta karibu na chungu kilichoungua, jua hapo palikuwa na mhunzi."

Kisha akanionyesha kewa, ile ncha ya udongo inayovikwa kwenye mwanzi wa kupulizia moto. Ilikuwa imeziba kwa majivu. Majivu hayo ni ushahidi, akasema, hayaguswi. Halafu akashusha sauti: "Na usiizibue. Aliyekuwa akipuliza hajamaliza." Nikacheka. Ujana bwana!

Baadaye, nikiwa fundi wa maabara, nilipelekwa Guangzhou, Uchina, kuipima kewa ileile. Chumba chetu cha kazi kilikuwa mtaa wa Dengfeng, juu ya maduka ya simu. Ilikuwa miaka ile ya misako, askari wanadai huzhao, yaani pasipoti, mpaka kwenye ngazi. Mama Neema, mfanyabiashara wa nguo kutoka Moshi, alikuwa akiniletea wali mchana. Viza yake ilikuwa imekwisha, na mzigo wake ulikuwa bado bandarini Huangpu haujapakiwa. Akikamatwa kabla, basi tena, jasho lake lote limepotea.

Mchana mmoja nilitoka kunawa mikono. Kurudi, namkuta anatabasamu, kijiti mkononi.

"Baba, hiki kidude chako kilikuwa kimeziba. Nimekusafishia."

"Mama weee! Umeniua!"

Majivu yote yalikuwa mezani. Sijamaliza kufoka, buti zikasikika ngazini. Akajibana nyuma ya makreti.

Askari wawili wakaingia. Nikatoa pasipoti. Ndipo tukasikia mtu anahema, pumzi ndefu na nzito. Nikajua Mama Neema amekwisha. Lakini askari hawakuyatazama makreti. Walitazama meza. Mbele ya kewa majivu yalikuwa yakisogea, na katikati yake pakaanza kuwaka wekundu. Wakarudi kinyumenyume, wakashuka mbio.

Mama Neema akatoka, midomo imemkauka. "Baba, mimi nilibana pumzi. Nani alikuwa anahema?"

Mzigo wake ulipopakiwa alijipeleka mwenyewe uhamiaji, akarudishwa Moshi, na mali yake ikamfuata. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Wanangu, nyie mna vipimo vya ajabu, sisi tulitumia macho na ulimi. Pimeni mtakavyo, ila kewa msiizibue. Ile yetu niliirudishia majivu yake, nikayashindilia vizuri. Siku ya kustaafu, nikiikabidhi, nilipitisha kidole mdomoni mwake. Kilitoka na mate.