Posa ya Daktari wa Vumbi

Kazi ya Lusekelo Mwakalinga ni hewa. Usicheke, ndugu yangu, kuna watu wanaisomea. Alikulia Tukuyu akikohoa moshi wa kuni jikoni kwa bibi yake, akaapa ataujua moshi huo vizuri. Leo ni daktari wa uhandisi katika chuo kimoja London, anapima chembe zinazoelea hewani, ndogo kuliko vumbi. Kifaa chake cha kupimia, kinacholia hewa ikichafuka, hakimtoki mfukoni. Mgahawani huchagua meza kwa kukisikiliza. Wachumba wawili walimkimbia kwa sababu hiyo. Wa tatu, Placida, muuguzi wa Hounslow, akabaki.

Basi Januari, baridi ya London ikiuma, ikaja siku ya posa, mtaa wa Harrow, kwa Mzee Protas, baba mdogo wa Placida. Mshenga Godson alimwonya garini: "Ukifika pale wewe ni fenicha. Husemi, hugusi kitu."

"Na kupumua?"

"Kidogo kidogo."

Sebule ilijaa wazee, hita inawaka, jikoni dagaa wanakaangwa, madirisha yamefungwa. Godson ndiyo kwanza anaeleza jinsi walivyoona ua zuri katika bustani ya watu, kifaa kikalia mfukoni. Kikalia tena. Fenicha ikainuka, ikalisukuma dirisha kwa bega mpaka likafunguka.

Wazee wakageuza shingo.

"Kijana," akauliza Mzee Protas taratibu, "nyumba yangu inanuka?"

"Hapana, baba. Ni dagaa kidogo na pumzi nyingi. Hewa tunayovuta hapa imeshapita kwenye mapafu ya wenzetu."

Shangazi Blandina akaacha kutafuna, akamtazama jirani yake.

Godson akaona posa inamponyoka. "Wazee wangu, kwao Unyakyusa mposaji hufungua dirisha, baraka ziingie."

"Mwongo wewe," akasema shangazi. "Mwambie alifunge."

Lusekelo akavuta. Wapi. Dirisha lile lilikuwa limegandishwa na rangi miaka mingi, na sasa bawaba zimepinda. Daktari akaning'inia, mshenga akamshika kiuno, baridi ikaendelea kuingia.

Posa za Harrow mnazijua: utarudishwa nyumbani mara kadhaa, maana kukubali haraka ni kumshusha binti. Siku ile wazee walivaa makoti, wakatazamana.

"Binti aulizwe," akasema Protas, meno yakigongana.

Placida akaja kutoka chumba cha nyuma, akajibu "Nimekubali" kabla swali halijaisha, akarudi kutafuta soksi.

Yote yalikwisha kabla chai haijapoa, na chai pale ilikuwa inapoa upesi.

Siku hizi Godson, akiombwa ushenga, huuliza kwanza kama nyumba hiyo ina dirisha bovu.