Kwenu Iko?

Nakumbuka jioni moja ya mvua, mwanangu, stima ilipopotea huku kwetu karibu na Silibwet, nami sikutoka nje. Wewe bado hujui kusoma, na mimi sijazeeka kiasi cha kutoa nasaha. Maneno haya nimeyafuta na kuyaandika tena mara nyingi. Naogopa nikingoja yawe kamili sitakuambia kamwe.

Gogo, nyanya yangu, alikaa kilima cha pili, ng'ambo ya mashamba ya chai. Tangu nikiwa mdogo, stima ikienda, alisimama mlangoni kwake na kuita kwa sauti iliyovuka bonde zima:

"Chebet! Kwenu iko?"

"Haiko, Gogo!"

"Afadhali! Nilidhani ni mimi peke yangu!"

Kisha aliendelea kuuliza kama tumechuma chai, kama ndama ananyonya, mpaka niitwe ndani kula.

Baadaye zikaja mita zinazotoa habari zenyewe stima ikipotea, na swichi za kwenye nguzo zinazotambua waya umekatika wapi, zikawarudishia wengine stima kabla fundi hajavaa buti. Nilizipenda mno. Sikusomea umeme darasani. Nilijifunza kwa simu, nikaunganisha kifaa kidogo, nikakifunga nyumbani kwa Gogo. Stima yake ikipotea, nilipata ujumbe papo hapo. Hata hivyo sikutulia. Kila siku nilikitafutia kosa la kurekebisha.

Jioni ile ujumbe uliingia. Nilikuwa nimeinamia simu, nikiangalia kama umechelewa, niliposikia sauti ikiita kwa mbali. Sikuitika. Ya nini, na nilishajua?

Kesho yake Gogo alifika, gambuti zimejaa matope, kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, mkononi.

"Umekuwa kiziwi, wewe? Nimeita mpaka koo likakauka. Hata yule ng'ombe wangu mzee angeitika!"

"Pole, Gogo. Nilijua stima yako imeenda. Simu iliniambia."

Aliniangalia, kisha akacheka kidogo.

"Chebet, nikiwa mlangoni kwangu naona dirisha lenu. Likizima, naona. Ulidhani miaka hii yote nilikuwa naulizia stima?"

Nilimmiminia chai, nikaimwaga nusu mezani.

Tangu siku hiyo niliitika kila mara. Hazikuwa jioni nyingi. Gogo alitutoka kabla hujazaliwa. Siku uliyozaliwa, kina mama waliyaita majina ya waliotutangulia, moja baada ya jingine, na lake lilipoitwa ukapiga chafya, ishara kwetu kwamba ndiye aliyerudi nawe. Mimi nikalia.

Kile kifaa sijakiondoa. Mvua ikinyesha, simu huniambia stima ya Gogo imepotea, halafu imerudi. Haikosei hata kidogo. Mimi hutoka mlangoni vilevile, nikasikiliza.

Mwanangu, utakua kati ya mitambo nisiyoweza kuiwaza. Jifunze kuitumia, uiache itafute waya uliokatika. Kazi hiyo inaijua kutushinda. Lakini mtu akikuita, mwitikie kwa mdomo wako, hata kama jibu analijua tayari. Usingoje mpaka ukamilishe unachofanya. Toka hata kama viatu havilingani.

Mungu akupe sauti ya Gogo, ivuke bonde lolote utakalokaa, na ng'ambo asikosekane mtu wa kukuitikia.