Namba Moja kwa Kila Nyumba

Nilirudi kutoka Doha na diploma ya mitandao ya kompyuta niliyojilipia mwenyewe kwa zamu za ghala, na tangu nirudi hakuna mtandao ulionishinda. Nasema hivyo bila aibu. Kwetu Laare nililelewa nikifunga vibunda vya miraa. Leo makampuni hunitumia gari.

Siku hiyo gari lilitoka Ishiara, kwa kampuni ya kununua ndengu. Karani wao wa hesabu alikuwa amejifungua, akawa anafanyia kazi nyumbani kwake Gachoka kupitia VPN, ile njia iliyofungwa inayopita ndani ya intaneti mpaka ofisini. VPN ilishika vizuri, lakini seva ya ofisi, yenye hesabu zote za wakulima, haikuitika. Fundi wao alikuwa ameipanga upya firewall, kile kisanduku kinacholinda mlango wa mtandao, mpaka akachoka. Meneja alinipokea kwa sauti ambayo fundi aliisikia: "Kosa likiwa la huyu, leo ndiyo siku yake ya mwisho hapa."

Fundi alikuwa mtu mzima, ndiye aliyeweka intaneti katika nyumba na makanisa mengi ya Mbeere. Alinitazama viatu kwanza.

"Huyu ndiye wa Doha? Huko ulikuwa fundi ama ulikuwa unabeba masanduku?"

"Nilibeba masanduku, na nikitoka kazini nikasoma. Wewe ulisoma lini?"

Wafanyakazi walicheka. Yeye hakucheka.

Sikuigusa firewall. Nilimpigia karani, nikaweka simu kwenye spika. "Mama, zima WiFi ya nyumbani. Tumia bando za simu, halafu uingie tena."

Mtoto alilia nyuma yake. Kisha: "Ngoja... Uui, imefunguka! Naona hesabu zote!"

Nikamgeukia fundi. "WiFi ya huyu mama aliweka nani?"

"Mimi."

"Ukavipa vifaa vyake namba gani za mtandao?"

Alinishika kiwiko akanivuta hadi kwenye korido. "Boss yangu," alininong'oneza, "nimeelewa. Mimi huwapa wote namba za aina moja ndiyo nisisahau. Waambie firewall ilikuwa imeharibika. Sifa chukua wewe. Niko na watoto shule."

Nilimrudisha ndani, nikaeleza kila mtu asikie.

"Huku kwetu mtoto hupewa jina la babu, ndiyo maana boma moja huwa na binamu wengi wa jina moja. Ukisimama uani uite, ataitika aliye karibu. Yule aliye Embu mjini hatasikia. Sasa fundi wenu aliipa ofisi namba zinazoanza na 192.168.1, na nyumba ya karani akaipa hizo hizo. Kompyuta ya mama ikiitafuta seva, inaitafuta sebuleni kwake. Haioni haja ya kupita kwenye VPN. Huyu angepanga firewall mpaka aote mvi kwenye nyusi."

"Ni kweli?" meneja akamuuliza.

"Ni kweli, Madam."

"Basi ukimaliza leo, uache funguo mezani."

Ningeweza kuikamilisha kazi mwenyewe. Nilimwambia fundi akae kwenye kompyuta yake. "Keti, nikufundishe bure."

Nilisimama nyuma yake, mikono mfukoni, nikamsomea namba mpya za ofisi, naye akaziandika: za seva, za printa, za mizani ya magunia, kisha njia mpya ya VPN kwenye firewall. Kila alipokosea nilimtaka aisome namba kwa sauti kabla ya kuifuta. Mhasibu mmoja alijifanya anatafuta kalamu chini ya meza ili asimtazame.

Tulipomaliza, karani aliwasha tena WiFi yake ya nyumbani. Aliingia mara moja.

"Imeshika!" alipiga kelele kwenye spika. "Asante sana fundi! Niliwaambia huyu wetu ataiweza tu, mumpe muda. Mungu akubariki, baba."

Fundi alifungua mdomo. Nilimtangulia.

"Si yeye, mama. Yeye ameachishwa kazi."

Kwenye spika mtoto alianza kulia tena. Fundi alichomoa chaja yake, akaiviringisha waya taratibu, akaweka funguo mezani na kutoka bila kuaga. Meneja aliniuliza kama naweza kuanza mara moja. Nilikalia kiti cha fundi kikiwa bado na joto lake.