Hana Mume

Honoratha alikuja Busawe kutoka Bukoba na digrii yake ya sosholojia, na tuseme ukweli, digrii hiyo ilikuwa imempanda kichwani. Shirika lake lilimtuma kuwaandaa wanawake wagombee uongozi wa vitongoji. Akazunguka nyumba kwa nyumba, akiuliza huyu na yule, na kila alipoingia wanawake walimtaja Robi: mkulima, mama wa watoto wawili, asiyeogopa kusema mbele ya wanaume. Honoratha akampenda kama mdogo wake. Alitaka ashinde, basi.

Kitu kimoja kilimkera. Robi alikuwa ameolewa na bibi, Wegesa, mjane asiye na mtoto, aliyemtolea ng'ombe, akawa mumewe kimila, ili watoto atakaowazaa wachukue jina la nyumba yake. Ndoa hiyo Wakurya wa pale huiita nyumba ntobhu. Chuoni Honoratha aliisoma kwa ajili ya mtihani, akafaulu, yakaisha. Kwake huo ulikuwa utumwa mtupu, na bibi ndiye kikwazo. Alimpa shikamoo akapita. Hata siku moja hakuketi naye.

Siku ya mdahalo uwanja wa shule ulifurika. Aliyeshindana na Robi ni Machage, shemeji yake Wegesa, mdogo wa marehemu mumewe. Honoratha akashika kipaza sauti.

"Huyu ndiye Robi! Hana mume, lakini anajisimamia mwenyewe!"

Hakuna kofi hata moja. Honoratha alidhani spika zimezima. Machage akainuka, anacheka.

"Mmesikia wenyewe. Hana mume! Basi pale kwa Wegesa ni mgeni, na wanawe ni wageni, hawana jina wala shamba. Mgeni atuongoze sisi?"

Robi alimtazama Honoratha. Wegesa akaja, akamshika mkono. "Twende nyumbani, mke wangu."

Wazee wa ukoo wakakaa, wakasema: kama kweli ni mke, aache kugombea atulie nyumbani kwake, na hakuna atakayewanyang'anya watoto jina wala shamba. Robi akajitoa. Machage akapita bila kupingwa.

Honoratha alikwenda kwa Wegesa kuomba radhi. Safari hii aliketi.

"Shikamoo, bibi. Nimekosa. Mimi ndiye niliyemwingiza Robi kwenye siasa."

"Wewe?" Wegesa akashangaa kweli. "Nilimwambia mimi agombee, kabla hujaja."

Honoratha akainua kichwa. "Lakini wale wanawake wote..."

"Ee, mwanangu. Kila nyumba uliyoingia ukakuta wanamtaka mke wangu, mimi nilishapita."