Aliyepiga X Kwenye Chumba cha Mama

Watu wa mtaa wetu wa Jericho mlio ng'ambo, nimekimbilia saiba, pale pa kulipia intaneti, niwaandikie hii ikiwa bado moto.

Mnakijua kile chumba cha mabati Mama alichojenga nyuma ya nyumba ili apate mpangaji?

Leo mchana afisa wa ujenzi amekuja na mkebe wa rangi nyekundu. Akapiga X kubwa mlangoni. Kibomolewe!

Mama hakubishana. Akamwekea chai.

Jamaa akanywa, akachungulia ndani, akagongagonga ukuta.

"Mama, hiki kina mtu?"

"Bado."

Kumbe yeye hutembea kuja kazini huku kutoka mtaa wa Lucky Summer, mbali kule, kila asubuhi. Amekosa chumba huku!

Hebu niambieni mngemjibu nini, maana rangi haijakauka na yeye anauliza:

"Na maji hapa hutoka siku gani?"